Kikombe cha Mama

Kapinga mjukuu wangu, huku Manika tuko wazima. Bibi yako amerudi sokoni. Unaniambia pasta wa mchumba wako anataka ubatizwe upya, ati ulipokuwa mtoto mahututi ulimiminiwa maji na nesi, siyo padri. Upuuzi mtupu!

Nilipokuwa kijana kule Sandoa, mdogo wangu alizidiwa. Mama, ambaye hakuwa Mkristo, akambatiza kwa kikombe cha maji, kwa maneno aliyoyasikia kwa Wakristo. Mtoto akapona, na padri akakataa kurudia.

“Maji yako inatosha, mama.”

“Basi na mi unibatize.”

“Hapana. We uko bibi wa pili wa bwana yako, Kanisa inakataa.”

Mama akacheka. “Mukono yangu inabatiza, lakini mi nabakia mupagani?”

Nimesoma sana, nimebishana na mapadri, na swali hilo bado linanivuruga. Pasta huyo amjibu mama kwanza.

Babu yako