Siku gari la baba zetu lilianguka

Mpendwa Masika mwenzangu,

Ujumbe wako umenifika. Unasema nikupatie binti yangu Kavira, akae kwako Rughenda, huko Butembo, asome na akule vizuri, juu hapa Beni unaniona nachoka na batoto watatu. Asante. Mais mbele ya kukujibu, kuna kitu ninatafuta kuelewa.

Unakumbuka hapa Beu, mutaani kwetu Beni? Sisi wote jina Masika, juu ni mabinti wa kwanza, na majirani. Sikujua kama ninyi ni matajiri. Baba yako alivaa koti lenye kushonwa viraka mugongoni na kandambili. Mama yangu alimucheka: "Ule baba, hata mbuzi yake haimusalimie." Baba yangu ndiye alivaa viatu vya kung'aa.

Halafu gari lenye kubeba bidhaa za baba zetu wote wawili likaanguka kwenye barabara ya Butembo, mvua ikayeyusha chumvi na sabuni zote. Tulisimama mulangoni kwetu, wewe na mimi, tukawaona wakirudi na miguu, matope mpaka magotini. Baba yako akasema, "Kesho tunaanza tena." Baba yangu akaitika, "Kesho tunaanza tena." Sauti ile ile.

Wako alianza. Wangu aliuza shamba la Mulekera, kisha viatu.

Miaka yote nilifikiri baba alikosa nguvu. Juzi Kavira akaniuliza, "Mama, tajiri banamujua na nini?"

"Siku gari yake inaanguka."

"Na yetu iko wapi, ianguke tuone?"

Nilicheka, halafu nikakumbuka. Kesho yake, kisha gari kuanguka, baba wadogo wako walikuja kwenu, kila mumoja na mifuko ya chumvi: uza, utarudisha. Kwetu pia ndugu walikuja, hawakutunyima. Walikuwa wakulima. Walileta mihogo, tukaikula.

Donc, dada, Kavira hapana. Ninajua kwako angekula mayai. Mais akienda, mimi ninabaki vilevile, na ndugu zake pia. Unifanyie vile walimufanyia baba yako: unitumie mifuko ya chumvi, nikiisha kuuza nirudishe. Ukisikia woga, uniambie ni woga gani, juu huo pia ninataka kuujua. Baba yako, kuna mutu aliogopa kumupatia mifuko?

Ukikubali, uilete mwenyewe. Mulango ni ule ule.

Ubaki na amani,

Masika wa baba mwenye viatu