Zile Nywele Nilizozing'oa kwa Uzi

Micheweni,
Pemba.
Jumatatu, 11 Machi 2019.

Mjukuu wangu mpendwa Thuraiya,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, wewe na mumeo Talal. Sisi hatujambo. Goti langu linauma na sukari yangu ipo pale pale, lakini mwani wangu nashuka kuutazama mwenyewe, sijabebwa na mtu.

Nimeandika kwa mkono wangu, ule mwandiko wa kisomo cha watu wazima uliokuwa ukiucheka. Simu siitaki. Huko kwenu simu inasikilizwa na mama mkwe wako, na haya si ya sebuleni. Barua nimempa Mbarouk, mwana wa dada yangu, anayerudi kazini huko.

Mwezi wa Januari uliponambia daktari kaona vifuko vingi kwenye mayai yako, ndiyo maana damu ya mwezi haiji na mimba haishiki, nilikuuliza unameza nini. Ukanisomea jina. Nikakugombeza, maana kidonge hicho ndicho nimezacho mimi cha sukari. Nikakwambia, "Kiache, watakuua hao, huna sukari wewe." Nawe ukakiacha. Umesoma hadi chuo, unaacha dawa ya daktari kwa neno la kikongwe aliyeishia chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Hilo nakulaumu.

Wiki iliyopita nilikwenda kliniki kuchukua dawa zangu, nikamshitaki daktari wako kwa Daktari Maisa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akanieleza kuwa wengi wenye maradhi yako mwili wao una uvimbe wa ndani kwa ndani, hauonekani kwa jicho wala haushikiki kwa mkono. Sukari nayo haitulii mwilini, na viwili hivyo vinachocheana, mayai yasipevuke. Kidonge kile kinatuliza sukari na kinasaidia kupoza uvimbe. Hata yale mafuta ya samaki uliyopewa ni kwa ajili ya uvimbe huo huo. Mtoto wa Micheweni ananunua samaki kwenye chupa. Nilicheka.

Kisha akaniuliza, "Bibi, dalili hizi zilimwanza lini?" Sikucheka tena.

Nilijua, Thuraiya. Ulipowekwa ndani kabla ya harusi, mimi ndiye niliyekusinga mwili kwa manukato siku saba. Niliziona nywele kidevuni, ngumu kama za mwanamme, nawe ukanambia miezi minne hujaona siku zako. Nikazing'oa kwa uzi, moja moja, nikakwambia usimwambie mtu, hata mama yako. Na hapo hapo nikakushindilia uji wa sukari na halua, unenepe uwapendeze wageni. Niliogopa harusi isije ikavunjika.

Sasa nasikia mama mkwe wako, Bi Rumaitha, anasema wewe mkwewe umemficha ugonjwa, na anamtaka Talal aoe mwengine. Wewe umenyamaza ili unilinde. Nani kakutuma?

Ndani ya bahasha mna barua ya pili, ni ya Bi Rumaitha. Nimemwandikia kuwa aliyeona ni mimi na aliyeficha ni mimi, nawe ulikuwa chini ya mkono wangu. Ukurasa mmoja ule umenichukua siku tatu. Hujapata kuniona nikimwomba mtu radhi. Mpe mkononi, Talal akiwepo.

Wewe rudi kwa daktari. Mwambie uliacha na nani kakuachisha, akuanzishie upya kwa kipimo chake. Usijimezee vingi kufidia siku zilizopita. Halua punguza, na utembee. Mtoto akija, alhamdulillahi. Asipokuja, mimi nakutaka wewe uwe mzima.

Mama yako Zulekha anakusalimu, na ami yako Hamdan, na Bi Mwanabaraka wa nyumba ya pili, anayekuulizia kila Ijumaa. Talal mpe salamu zangu, umwambie namngojea nimtazame usoni.

Mola akupe shifaa, na akusitiri kwa sitara yake, si kwa ile ya uzi niliyokupa mimi.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata nikikugombeza,
Kazija binti Nyange