Gari Ibaki Juu ya Mawe

Musili,

Jana sokoni Masii walisema gari ya baba yako imeonekana barabarani. Nilikataa, nikasema iko juu ya mawe, na bima tulisimamisha mpaka arudi Disemba. Lakini usingizi haukuja. Asubuhi nimekuta mawe yamepinduliwa, upande wa udongo uko juu. Ni mimi niliyapanga, nayajua.

Muthokoi iko jikoni, pasha moto. ~~Unaweza kuwasha gari kidogo tu, betri isife.~~ Hapana. Betri nimebeba, naenda nayo kwa shangazi yako. Wacha wanicheke njiani.

Ukigonga mtoto wa watu bila bima, ni hili shamba litauzwa. Baba yako atarudi wapi?

Usiazime betri ya rafiki yako Jeff.
Usisukume gari mpaka kwa mteremko ndio iwake.
Usimwambie mtu mama amekataa. Sema ni wewe umeacha kuiendesha.

Mama