Kibati cha Mtani

Jumanne, 20 Machi 1984. Mvua tangu alfajiri. Huu ni mwaka wa pili tangu nipande treni Urambo kuja Dar, na nguo yangu ya safari bado ni ile ile.

Leo nimeshindwa kula. Si uchovu. Uchovu naujua.

Nieleze kwanza kazi yetu, maana nikiyasoma haya uzeeni huenda nisiamini. Sisi ni vibarua wa kupakua magunia katika ghala moja hapa Kariakoo, na tunalipwa kwa saa. Kila mtu ana kibati chenye namba, kimetobolewa tundu. Mlangoni kuna mbao mbili zenye misumari. Moja imeandikwa NDANI, nyingine NJE. Niliishia darasa la nne, lakini hayo mawili nayasoma vizuri. Kibati kikiwa NDANI, saa zako zinahesabiwa. Kikiwa NJE, wewe hupo.

Lori likichelewa, msimamizi wetu, Ndugu Shomari, anapaza sauti: "Nje!" Tunahamisha vibati. Lakini lango halifunguliwi. Tunabaki mle mle tukifagia, tukishona magunia yaliyopasuka, tukikohoa vumbi la dawa ya wadudu. Tumezoea hata tunafanya mzaha: mtu akiitwa wakati huo, anajibu kwamba hayupo.

Juu ya mbao hizo ukutani kumeandikwa kwa rangi maneno makubwa kwamba sote ni ndugu.

Bingwa wa mzaha huo ni Kibwana, Mzaramo wa Kisarawe, mtu mzima mwenye wajukuu. Mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu, na tangu siku ya kwanza hajaniacha nipumue. Anasema babu zangu walitembea kwa miguu mpaka pwani na mizigo kichwani, na mimi nimekata tiketi ya treni kuifuata mizigo ile ile. Namjibu kwamba babu zake walikuwa wamekaa tu pwani wakingoja kuiiba. Hicho ndicho chakula chetu cha mchana, siku ambazo chakula hakuna.

Shomari naye ni Mzaramo. Tena yeye na Kibwana wametoka kijiji kimoja.

Asubuhi Kibwana alikuwa anapanda ubao wa kufikia juu ya lundo, gunia la mahindi begani. Ubao ule una ufa. Tumeusema mara nyingi, tukajibiwa kwamba mbao hazipatikani, nchi ina shida. Ni kweli nchi ina shida. Lakini mbao za meza mpya ya ofisini zilipatikana.

Nilisikia mlio. Nilipogeuka alikuwa chini, gunia juu ya paja lake, na mguu umeelekea upande ambao mguu hauendi.

Wote tulimkimbilia. Shomari hakumkimbilia.

Alikwenda kwenye mbao za vibati. Nilimwona akichomoa kibati cha Kibwana NDANI ili akitundike NJE, taratibu, kama mtu anayezima taa katika chumba kisicho na mtu.

Kibwana pale chini alikuwa anamtazama. Akanishika shati.

"Mtani," akasema, "kibati changu. Angalia kibati changu."

Hakuomba hata maji.

Hapo nikaelewa. Kikitundikwa NJE, basi hakuumia kazini. Kama hakuumia kazini, hakuna barua ya hospitali, hakuna fidia, na mguu ule hautabeba gunia tena.

Mtani akikunyang'anya kitu hukasiriki. Ukikasirika, aibu ni yako. Shomari ni mkubwa wangu, lakini kabla ya ukubwa wake ni Mzaramo. Nikamfikia, nikakinyofoa kibati mkononi mwake na kukitia mfukoni. Nikasema kwa sauti, wenzangu wasikie, "Mzaramo, kilicho mkononi mwako ni changu."

Watu wakacheka, pamoja na hali ile. Shomari naye ikambidi acheke. Akanyoosha mkono.

"Haya, mtani, utani umekwisha. Lete."

Sikuleta. Akaacha kucheka, akasogea karibu na sikio langu.

"Kesho usije. Na njiani uwe mwangalifu. Siku hizi wasio na kazi wanazolewa."

Hakusema uongo. Asiye na kitambulisho cha kazi anapakiwa kwenye lori na kurudishwa kijijini kwake.

Gari la ghala halina petroli. Tulimpeleka Kibwana hospitali kwa mkokoteni, tumemfunika magunia matupu, mvua inatupiga. Kila gurudumu lilipoingia shimoni alisaga meno. Karibu na geti akafumbua macho, akaniambia kwamba hatimaye Mnyamwezi amepata mzigo wa maana.

Muuguzi aliuliza kama ameumia kazini. Nikasema ndiyo. Akataka barua. Nikasema kesho.

Kinachonitisha si mguu. Ni ile miguu ya Shomari, ilivyokwenda bila haraka, bila kujiuliza, kama inavyokwenda kila siku tunapoambiwa "Nje!" nasi tunatii tukicheka. Ametutoa nje tukiwa ndani mara nyingi mno. Kwa nini leo ashindwe kwa mmoja?

Kesho nakwenda Posta kwa Afisa Kazi. Nitaweka kibati mezani kwake na kumwambia nilikinyofoa mkononi mwa nani, na mwenye kibati wakati huo alikuwa amelala wapi. Wenzangu wawili wamesema watakuja. Sijui wataamka na moyo gani.

Mama Shija, mke wangu, nilikuambia nitarudi nikishanunua baiskeli. Isahau baiskeli. Nitegemee kabla karanga hazijang'olewa. Mambo yakienda vizuri, nitakuja kwa treni. Yakienda vibaya nitaletwa na lori la serikali, na hilo litafika mapema zaidi.