Sayari Iliyowahi kwa Saa Sita

Jumanne jioni

Bado nacheka peke yangu. Mimi, ambaye hata kuitikia jina darasani ni kazi, leo nimenyoosha mkono mbele ya mwalimu na klabu nzima ya sayansi.

Sayari tunayoipima kwa data za darubini ya angani kila inapopita mbele ya nyota yake ilionekana imewahi kwa saa sita. Masanja akadai kuna sayari nyingine imejificha, inaivuta. Ameshaipa jina la dume la ng'ombe la babu yake.

Niliogopa kunyang'anywa daftari la vipimo, kazi pekee klabuni isiyohitaji kuongea. Lakini nikasema.

"Madam, kosa ni langu. Kompyuta iliandika kumi asubuhi kwa saa za Kizungu, mimi nikaandika nne, kama tunavyosema nyumbani."

Wakacheka wote. "Yaani Kabula umeiswaga sayari kama ng'ombe wa mnadani," akasema Masanja.

Madam akapiga hesabu upya. Bado imewahi, kwa dakika tatu.

"Hizi sasa si za Kabula," akasema. "Tutapima tena. Daftari libaki kwako, maana wewe unasema ukikosea."

Masanja akaninong'oneza kwamba dume la babu huenda kweli limo zizini, linaivuta sayari yetu.