"Set off" uliyonifundisha kwenye lori

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimepata kazi! Nakuandikia hapa Lizaboni, kwenye meza ya Mama, maana ungekuwepo, wewe ndiye ningekupigia simu wa kwanza.

Unakumbuka ile likizo uliyonichukua kwenye lori la mahindi kwenda Nakapanya? Nilikuwa darasa la sita, mwalimu ametuagiza tuandike habari za safari kwa Kiingereza. Hata hujawasha gari, mimi nimeshaandika: "We setted off to Nakapanya." Ulisoma, ukacheka mpaka ukaegemea usukani.

"Mwanangu, hakuna 'setted'. Leo ni 'set', jana ni 'set' hiyo hiyo. Halafu sisi bado tumekaa hapa! 'Set off' ni pale gari linapoondoka. Kupakia siyo, kuaga siyo."

"Na hii 'to'?"

"Ukitaja unakokwenda, 'for' ndiyo inakaa vizuri. We set off for Nakapanya."

Ukakanyaga mafuta, ukapiga kelele, "Sasa andika!" Nikaandika huku narushwarushwa, tunacheka wote wawili.

Uliishia darasa la saba, Baba. Kiingereza ulijifunza mwenyewe, kwa kamusi isiyo na jalada, ukisubiri mizigo. Na mimi, nilipofika sekondari, nikakuonea aibu. Siku ile pale Mfaranyaki uliposalimia rafiki zangu kwa Kiingereza, nilikunong'oneza, "Baba, ongea Kiswahili tu." Ukawaaga kwa Kiswahili, tukaenda nyumbani. Sikukuomba radhi hadi ukatutoka. Nisamehe.

Usaili wa ualimu nilishaanguka mara mbili. Safari hii waliniambia nichague somo lolote, nilifundishe kwa dakika kumi. Nililoandaa likafutika lote kichwani. Basi nikachora lori ubaoni. Nikawafundisha kama ulivyonifundisha: mizigo inapakiwa, bado; tunaaga, bado; gari linaondoka, "we set off!" Nilikanyaga sakafu kwa nguvu, wasaili wakacheka. Mama mmoja aliyekuwa amenikazia macho tangu mwanzo akauliza, "Nani alikufundisha hivi?"

"Baba yangu," nikasema. "Alikuwa dereva wa lori."

Nilisema kwa sauti, Baba. Chumba kizima kilisikia.

Leo asubuhi wamepiga simu. Jumatatu naripoti Mbinga, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari! Mama alikuwa anakanda unga wa chapati. Sijamaliza hata kumweleza, akatoka nje mbio, mikono myeupe, akapiga kigelegele mtaa mzima ukageuka.

"Mtoto wa dereva ni mwalimu!" alikuwa anawaita majirani. "Jamani, mtoto wa dereva ni mwalimu!"

Nilitoka nikasimama naye mlangoni, nikaanza kuwaita na mimi.

Pumzika kwa amani, Baba.

Mimi binti yako,
mtoto wa dereva