Sproketi Niliyoilainisha

Nangara,
S.L.P. 77,
Babati.
14 Juni 2011

Mpendwa kaka Romanus,

Shikamoo. Habari za huko Mtwara, na kile kifua chako kimepona? Huku tunapumua. Mama yetu Xaveria magoti yanamsumbua lakini bado anapalilia mwenyewe, ukimkataza ananuna. Mbaazi zimekubali mwaka huu.

Mguu wa mwanao Clemence bado uko kwenye plasta. Barua yako ya kumwita kichaa wa mwendo aliisoma hapa gereji kwangu. Kwamba pikipiki iuzwe, arudi kulima kijijini Mutuka. Hakubisha. Aliniambia tu, "Baba mdogo, huenda kweli nilikimbiza."

Kaka, hakukimbiza. Nilijua, lakini nilimwacha aamini hivyo.

Alitaka sproketi kubwa ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni, ili apande mlima wa Dareda na magunia. Niliyoipata ilikuwa ya pikipiki ya aina nyingine, matundu hayakulingana. Chuma chenyewe kimekomazwa kiwandani kiwe kigumu, drili ilizunguka weee bila kuuma. Basi nikaizika kwenye mkaa mpaka ikawa nyekundu, nikaiacha ipoe taratibu kwenye majivu, kama nifanyavyo majembe ya kunyoosha. Ikalainika, nikatoboa kama natoboa muhogo. Nikajisifu hasa.

Kilichobaki ni kuipasha moto tena na kuichovya kwenye oili ili meno yakomae upya. Kazi hiyo naijua, kaka. Lakini jioni ile kwaya ilikuwa inanisubiri, nami ndiye mpiga kinanda. Nikasema chuma ni chuma, nikaifunga kwenye pikipiki hivyo hivyo. Wiki tatu tu meno yakaisha, na mteremkoni cheni ikaruka ikakaba tairi, akaanguka.

Watu waliokusanyika pale alipoanguka walisema bodaboda ndivyo walivyo, nami nikaitikia kwa kichwa. Hilo linanila kuliko sproketi yenyewe.

Clemence namwambia leo, kabla barua hii haijapanda basi. Tafadhali, usiuze pikipiki yake. Nitaitengeneza mimi, na safari hii kwa sproketi mpya ya dukani.

Ile mbovu nimeifunga kwenye gazeti pamoja na barua. Pitisha kidole kwenye meno yake, kisha mwandikie mwanao.

Msalimie shemeji Rosemary, uniombee kwake msamaha. Mguu ule ni wa mtoto wake. Mungu awafunike huko mliko.

Mdogo wako akupendaye, anayeona aibu kukutazama,
Marseli